HLASM ya IBM: asembla hodari, lakini ulinzi wa kumbukumbu ni juu yako

HLASM (High Level Assembler) ndiyo asembla, yaani programu inayogeuza maagizo ya lugha ya mashine yaliyoandikwa kwa majina kuwa msimbo, ya meinfremu za IBM tangu 1992, iliporithi nafasi ya Assembler H. Makro zake ni za hali ya juu na orodha inayochapishwa ni rahisi kufuatilia. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu: inakuzuia kiasi gani usiandike nje ya eneo lako la kumbukumbu? Kidogo, na hicho kidogo chenyewe huja kikiwa kimezimwa.

Balaa kubwa liko kwenye EX (agizo linaloendesha agizo jingine, likiliongezea thamani kutoka rejista) juu ya MVC (agizo la kuhamisha baiti). MVC huhamisha baiti 1 hadi 256, kwa kuwa urefu hukaa ndani ya baiti moja, tena ukiwa umepunguzwa moja. Urefu usipojulikana hadi programu iendeshwe, andika hivi (rejista 3 ina urefu, rejista 4 ina anwani ya data):

```
         LTR   3,3
         JNP   RUKA
         CHI   3,L'PATO
         JH    KOSA
         AHI   3,-1
         EX    3,HAMISHA
...
HAMISHA  MVC   PATO(0),0(4)
PATO     DS    CL20
```

Ukiondoa mistari miwili ya kwanza, urefu wa sifuri unageuka -1, baiti ya mwisho ya rejista inakuwa FF, na baiti 256 zinamwagwa juu ya PATO na majirani zake. Ukiondoa CHI na JH, zinazozuia urefu usizidi PATO, urefu wa 300 unahamisha baiti 44: si 300 ulizotaka, wala si 20 zinazoenea.

Kusahau ile (0) ni kubaya zaidi, maana msimbo unaonekana safi kabisa. EX haibadilishi urefu uliopo, inauunganisha kwa OR. Asembla imeshaweka X'13' (19 kwa heksadesimali, yaani 20 kasoro moja) kwa baiti 20 za PATO. Ukileta data ya baiti 5, rejista ina 4, na jibu ni X'17', yaani baiti 24. Nne zimeingia kwa jirani.

Wala usingoje S0C4 (kosa la ulinzi wa kumbukumbu linalosimamisha programu) ikuokoe. Ufunguo wa ulinzi hulinda vipande vya KB 4, na karibu kila eneo ambamo programu ya kawaida huandika lina ufunguo 8, sawa na wa programu yenyewe. Ukijiharibia data yako mwenyewe, mashine haina neno. Programu huja kuanguka baadaye, mahali pasipohusika, pengine kwa S0C7 (kosa la data isiyo namba halali).

Dawa ni kuweka mstari huu juu kabisa ya chanzo:

```
*PROCESS FLAG(IMPLEN,PAGE0)
```

IMPLEN hutoa ASMA169I kila urefu unapoachwa asembla iukisie, hivyo ile (0) iliyosahaulika inanaswa. Kasoro yake ni kelele: hata MVC zilizo sahihi zinatajwa. Tena ujumbe huo haupandishi msimbo wa kurejea, kwa hiyo JCL (maagizo yanayoendesha kazi kwenye meinfremu) inaendelea kama kawaida. Lazima uutafute mwenyewe kwenye SYSPRINT, orodha inayochapishwa na asembla. PAGE0 ina faida zaidi kwa usumbufu mdogo. Ukiandika `L 2,8` (soma kumbukumbu) ulipotaka `LA 2,8` (weka namba 8), programu husoma anwani ya 8 bila kulalamika. PAGE0 inakuonya kwa ASMA309W.

Kwa USING, inayoiambia asembla ni rejista ipi inaelekeza eneo la data, hakuna chaguo la kukuokoa. `USING MTEJA,5` haipakii rejista 5 wala haikagui ukubwa wa eneo inaloelekeza. Malizia DSECT (ramani ya sehemu za eneo, hapa MTEJA) kwa `MTEJALEN EQU *-MTEJA`, na STORAGE OBTAIN, makro ya kuomba kumbukumbu, ipewe LENGTH=MTEJALEN, kamwe si namba ya mkono. Mtu akiongeza sehemu kwenye DSECT, eneo linakua nalo, mradi kila moduli inayoitumia iasembliwe upya.