Niliandika "ruka mpunga", kikanipeleka kwenye mpunga wa mtu mwingine

Nyota moja kwa hiki kiprogramu changu cha kurukia folda. Kungekuwa na nusu ningetoa nusu.

Nina kisteshenari karibu na chuo, Morogoro. Tunaprinti, tunatoa kopi, tunabaindi, tunapiga picha za pasipoti. Laptopu ya kazi ni kuukuu, nimeiwekea Linux kwa sababu mfumo iliyokuja nao ulikuwa unachukua muda kuwaka mpaka mteja anaondoka zake. Tachipadi ilikufa siku ilipomwagikiwa soda. Mausi nayo haina pa kuchomekwa: tundu za USB zilizo hai ni mbili, moja ya printa, moja ya flashi za wanafunzi. Maisha ya kibodi sikuyachagua, nilisukumiwa.

Mwanzoni nilikuwa na Midnight Commander, programu ya kupanga na kunakili mafaili kwa kibodi. Wanaoijua wanaiita mc tu. Ni mtoto wa Norton Commander ya mwaka 1986, ile ya enzi za DOS, na Miguel de Icaza aliiandika upya kwa ajili ya Unix mwaka 1994. Skrini inagawanyika vidirisha viwili: kushoto flashi ya mteja, kulia folda zangu. Tab inakuhamisha upande, F5 inanakili, F6 inahamisha, F8 inafuta. Mwanafunzi anachomeka flashi, kabla hajamaliza kusema "kaka naomba kopi mbili", faili limeshaingia. Siku za kwanza kuna waliokuwa wanadhani nadukua benki, kwa ule weupe juu ya bluu. Tatizo langu nayo lilikuwa dogo: laptopu hii inataka ushike Fn ndipo F5 iwe F5, na kidole gumba kilianza kulalamika.

Ndipo nikakutana na hiki kiprogramu cha kurukia folda. Jina lake silitaji; aliyekiandika anakigawa bure na sioni sababu ya kumchafulia. Ukoo wake unajulikana: autojump, z, zoxide na ndugu zao. Wote wana wazo lilelile. Unapoingia folda yoyote kwa terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kinakariri. Siku ya pili huandiki tena njia ndefu ya folda yenye mikwaju (/) sita, unaandika kipande cha jina tu na umefika. Amri yake nikaibatiza "ruka". Ruka picha. Ruka risiti. Ruka barua. Jamani, wiki ile nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilimwonyesha hadi jirani anayeuza chipsi, akatikisa kichwa kwa heshima, akarudi kwenye mafuta yake.

Sasa mkasa wenyewe.

Kazi za wanafunzi nilikuwa nazipanga kwa mada, kwa sababu majina yanajirudia mno. Mmoja anaandika kuhusu kuku, folda yake kuku. Mwingine nyanya, folda nyanya. Walikuwepo wawili wa mpunga. Dada mmoja aliandika kuhusu wakulima wa Dakawa, na yupo kaka wa Kilombero ambaye kazi yake niliihifadhi kwenye mpunga nyingine, ndani ya folda ya rasimu. Folda mbili, sehemu mbili tofauti, zote zinaishia na neno mpunga. Ndani ya kila moja kuna faili linaloitwa tasnifu_final.pdf, maana kila mwanafunzi wa nchi hii anaamini kwamba ya kwake ndiyo final.

Dada alikuwa na haraka. Nakala tatu, jalada gumu, saa nane mchana anakabidhi. Nikajiona fundi, nikaandika amri mbili kwa mstari mmoja, ruka kisha lp ya kuprinti nakala tatu:

ruka mpunga && lp -n 3 tasnifu_final.pdf

Printa ikaanza kutema. Kurasa tisini na sita mara tatu, zaidi ya nusu rimu. Nikabaindi. Jalada nilikuwa nimeliandaa tangu jana yake, jina lake kwa herufi za dhahabu, zuri kweli. Akaja, akalipa, akafungua nakala ya juu palepale kaunta, apendeze macho tu. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akainua kichwa.

"Kaka, hii Ifakara imetokea wapi?"

Sikuelewa. Akageuza kitabu kunielekea, akaweka kidole juu ya ramani ya Bonde la Kilombero, chini yake jedwali la wakulima wa watu. Nje jina lake, ndani kazi ya kaka ambaye hata hawajuani. Hakupiga kelele, na hapo ndipo paliponiuma. Alitazama saa ya ukutani, akasema taratibu, "Msimamizi wangu anasafiri leo jioni."

Nikamwambia, "Nisamehe dada yangu, kaa hapo, nakutengenezea sasa hivi," na mikono inatetemeka. Nimebaindi kwa kasi ambayo sitaki kuikumbuka, gundi ya jalada moja haikukauka vizuri. Aliwahi. Pesa yake nilimrudishia, hakuipokea yote.

Jioni nikakaa na maelezo ya hawa marukaji nijue nimekosewa wapi. Hesabu inayotumiwa na zoxide ndiyo niliyoikuta kwangu pia. Kila ukiingia folda inapata alama moja. Ukija kutafuta, alama zinazidishwa kwa nne kama uliingia ndani ya saa moja iliyopita, kwa mbili kama ni ndani ya siku, zinagawanywa kwa mbili kama ni ndani ya wiki, na zaidi ya hapo zinagawanywa kwa nne. Folda ya dada nilikuwa nimeiingia mara kumi na mbili, lakini mara ya mwisho ilikuwa siku tatu nyuma: kumi na mbili gawanya kwa mbili, sita. Folda ya kaka niliingia mara mbili tu, asubuhi ileile, kaka alipopitia kurekebisha marejeo: mbili mara nne, nane. Nane ikaishinda sita. Mteja wangu wa mwezi mzima kapigwa kumbo na aliyepita dakika arobaini kabla yake!

Na kiprogramu hakikusema neno. Nane na sita, tofauti ya alama mbili, hakiulizi "bosi, upi?" Dereva wa bodaboda ukimwambia nipeleke Msamvu anauliza upande gani. Hiki kinawasha pikipiki.

Hapa sasa lazima nijiseme. Kwenye terminali kuna ule mstari unaokuonyesha ulipo kabla ya kuandika amri. Kwa kawaida unaonyesha njia nzima. Mimi niliufupisha mwenyewe, nikaweka W kubwa badala ya w ndogo, nikaona njia ndefu inachafua skrini. W kubwa inaonyesha kipande cha mwisho tu. Kwa hiyo nilichokuwa naona ni "mpunga". Ukweli mtupu, na haukunisaidia kitu. Halafu hata ningekuwa na njia nzima nisingeisoma, maana kwa zile &&, zinazounganisha amri mbili, nilishaagiza printa ifanye kazi kabla sijafika.

Kwa mc hili lisingetokea. Pale juu ya kidirisha njia imeandikwa, faili unaliona, F3 unalichungulia. Unakwenda ukiwa macho. Lakini pia niseme, kwa mc nisingehudumia wateja wale wote wa asubuhi ile. Basi nyota mbili. Tatu, nikiwa nimekula.

Kilichonirudishia hasira ni kwamba njia ya kuuliza ipo. Zoxide ina amri ya zi, inakufungulia orodha kupitia fzf, programu ya kuchuja orodha ya Junegunn Choi, unaandika herufi chache orodha inachujwa mbele yako, unachagua mwenyewe. Changu nacho kina hali kama hiyo. Ipo mwishoni kabisa mwa maelezo, baada ya sifa za kasi. Kasi, kasi, kasi. Nani aliwaambia watu wenye kaunta wanakufa kwa kukosa kasi? Mimi kilichonikosesha usingizi ni Ifakara.

Sijakifuta. Nilikifuta siku mbili, vidole vikawa vinaandika "ruka" vyenyewe na terminali inanijibu amri haijulikani, nikakirudisha. Sasa "ruka" nimeiunganisha na ile orodha ya kuchagua, na lp naiandika mstari wake peke yake, baada ya kufungua faili na kutazama ukurasa wa kwanza. W nimeirudisha kuwa w.

Zile nakala tatu za mpunga bado ziko rafu ya chini. Kaka wa Kilombero alipita akaziona, akaomba moja kwa bei ya karatasi, akasahihishie humo. Nikampa bure, jalada la dada nikalibandua kwanza. Folda mpya sizipangi tena kwa mada, naweka tarakimu nne za mwisho za simu ya mteja. Wiki hii kaja mwingine, naye ni mpunga.