Kwilti ya tano kwa sita iliyoshindwa kufunika godoro la tano kwa sita

Mwenye mpango wa kupeleka khanga zake kwa mafundi wa kwilti (tandiko la viraka vilivyounganishwa, lenye pamba ndani) Kariakoo asome hapa kwanza. Jina la fundi silitaji wala mtaa wake, lakini hadi leo nikiikunjua ile kwilti damu inanichemka.

Nilimpelekea doti tatu za marehemu mama. Kitanda changu ni futi 5 kwa 6, godoro la inchi 8. Nikamwambia wazi: fundi, ishuke futi moja kushoto, futi moja kulia na futi moja miguuni, kichwani iishie na godoro. Akaitikia, "Nimekuelewa, mama," nikatoa kianzio nikaondoka.

Nilipokwenda kuchukua, nikakuta kwenye meza yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa chaki: 5 x 6 = 30. Ndiyo hesabu yote aliyopiga. Viraka 30 vya futi moja moja, basi.

Jamani, hesabu hii haihitaji chuo. Upana wa godoro inchi 60, ongeza 12 huku na 12 kule, 84. Urefu 72, ongeza 12 za miguuni, nazo 84. Gawa kwa 12 unapata saba kwa saba, viraka 49. Na hivyo viraka hukati inchi 12 kamili, maana mshono unakula. Ukishonea robo inchi kila upande, unakata 12 na nusu. Yeye amekata 12 kamili, halafu akashonea nusu inchi kila upande kana kwamba ni suruali, kila kiraka kikabaki 11. Tano mara 11 ni 55, sita mara 11 ni 66. Na hapo bado ile mishono ya kushikilia pamba haijaivuta, kwa sababu kwilti ikishapigwa cherehani na pamba ndani inapungua tena. (Nashukuru khanga zilishafuliwa miaka na miaka. Kitambaa kipya kingerudi zaidi, ndiyo maana vitenge vya dukani hufuliwa kabla ya kukatwa.) Nikaitandika nyumbani, godoro limechungulia pande zote kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake.

Haki yake nampa: mkono anao. Kona za viraka zimekutana nne nne bila kupishana, na nyuma nimetafuta uzi unaoning'inia sikuuona. Pindo la kingo limelala vizuri hata konani. Nilishaamua kuandika nendeni, ila nendeni na hesabu yenu kwenye karatasi, muisome mbele yake kabla hajashika mkasi.

Nikarudi kwake kwa upole. Nikamwambia ongeza mstari mmoja kushoto, mmoja kulia na mmoja miguuni, viraka 19 tu. Itafika inchi 77 kwa 77, pembeni angalau godoro litafunikwa, nami nitasahau. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye cherehani: "Mama, umeagiza tano kwa sita, nimekupa tano kwa sita. Na kitambaa kimeisha."

Kimeisha vipi? Khanga moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja, inatoa viraka 12 vya futi moja bila shida. Doti tatu ni khanga sita, hivyo ni viraka 72. Vyake 30 vimekula khanga mbili na nusu. Zaidi ya khanga tatu za mama yangu ziko wapi? Akasema mabaki huwa hawatunzi. Mabaki! Khanga tatu na nusu ni mabaki?

Kwa hiyo nafuta niliyosema hapo juu. Msiende, hata na hesabu mkononi. Kwilti fupi ningeivumilia, ningeitandika kitanda cha mtoto. Mimi nataka kitambaa changu, na nitakuwa naenda kukaa pale kibarazani kwake, mbele ya wateja wake, mpaka akionyeshe kilipo.