Duka la vifaa vya michezo Kariakoo: mipira safi, jezi sasa...

Jina la duka nalihifadhi maana huko mbele nina lawama, ila ukiwa Kariakoo mitaa ya vifaa vya michezo utaona fremu kibao zimening'iniza mipira mlangoni kama mafenesi, basi ni mojawapo ya hizo.

Ilikuwa hivi. Shule yangu ya msingi iko kijijini huko Kibiti, ukishuka barabara ya Kilwa unaunga na bodaboda, na sisi tuliosoma pale tulioko Dar tuna grupu letu la WhatsApp, tukaamua kuchangishana watoto wapate michezo ya jioni baada ya masomo. Mwalimu mkuu alitupigia hesabu tukanyamaza: ruzuku ya serikali ni 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, ikitolewa 4,000 ya vitabu shule inaona 6,000, watoto wako kama 400, yani milioni 2.4 mwaka mzima na humo kuna chaki, mitihani, ukarabati, mpira utaununua na ipi? Wanachezea chandimu cha soksi na mifuko ya nailoni. Ahadi kwenye grupu zilifika milioni na nusu, zilizoingia kwa mhazini laki saba na themanini (mnajijua).

Nikatumwa mimi sababu niko Ilala. Nilikuwa nimejipanga kununua mipira ishirini ya elfu kumi na tano, nikipiga picha ionekane mingi. Dada muuzaji hata hakunitajia bei, akaniuliza, "Kaka, watoto wanachezea nyasi au mchanga?" Nikamwambia mchanga, na pembeni kuna kokoto na miba. "Na wana umri gani?" Nikasema wengi chini ya miaka kumi na mbili. Akacheka, akasema kila anayekuja anabeba namba 5 sababu ndo anayoiona kwenye TV, mtoto wa darasa la nne mpe namba 4, namba 5 waachie wale wakubwa wa darasa la saba. Ile ya elfu kumi na tano akanionyesha ilivyogundishwa na gundi tu, akasema kwenye kokoto inaanza kubanduka magamba ndani ya wiki mbili. Akanipa ya kushonwa, elfu thelathini na tano, nikachukua sita, minne namba 4 na miwili namba 5. Na ya netiboli minne.

Halafu kitu ambacho grupu zima hatukukifikiria: pampu. Watu tumechanga mipira hakuna aliyechanga upepo jamani! Akaniwekea pampu moja na sindano kumi, akaniambia mwalimu ailoweshe sindano mate kabla ya kuichomeka, ukiichomeka kavu unachana vali, na mpira usijazwe mpaka mwisho af ukaachwa juani. Hayo maneno ya bure yameokoa hela kuliko punguzo lolote. Punguzo lenyewe alinipa elfu mbili kila mpira, na risiti ya EFD akatoa bila ile "na risiti au bila risiti" tunayoijua Kariakoo. Nilimshukuru sana kwa hilo maana kwenye grupu kuna mtu kachanga elfu tano anadai ripoti kama CAG.

Sasa jezi. Hapo duka limeniangusha. Seti mbili, laki tatu na ishirini zote, wanachapa wao wenyewe kwa fundi wao ghorofani, niliambiwa Alhamisi nikazipata Jumanne ya wiki iliyofuata, kila nikipiga simu "boss ziko kwenye mashine". Nilipofungua za wasichana nikakuta wamechapa namba 1 mpaka 7. Netiboli jamani! Wachezaji ni saba kweli lakini kifuani zinakaa herufi za nafasi anayocheza mtu, GS, GA, WA, C, WD, GD, GK, refa anamjua vipi nani anaruhusiwa kuingia duara la kufungia? Dada alikubali kosa, akanipa vitambaa vya herufi bure nikashone mwenyewe, hela ya fundi cherehani ikatoka mfukoni kwangu. Bukta nazo ni za watu wazima, watoto wanazikunja kiunoni mara mbili.

Pete za netiboli msinunue dukani, nendeni Gerezani mkachomelewe, ni nondo tu na bomba. Mzigo niliupakia basi la Kibiti pale Rangi Tatu, ukafika jioni ileile.

Miezi minne sasa, mipira mitano kati ya sita iko hai, mmoja ulikutana na mwiba. Mwalimu wa michezo anasema wanaozikosa siku za mazoezi sio wavivu, msimu wa mpunga wanatumwa kuamia ndege, wengine saa tisa wanakuwa na njaa hawawezi hata kukimbia, kwa hiyo mchango ujao tumekubaliana kwanza unga wa uji.

Kwa mipira na ushauri nawapa tano kwa tano, nitarudi palepale. Kuchapa jezi nawapa moja. Mwalimu kanitumia picha juzi wanajiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata, jezi zimefuliwa mara tatu tu na yule mtoto wa namba 8 saivi anasomeka 3.