Mwanahisa Mdogo wa Tabora na Kampuni Yake: Tathmini ya Huduma

Kampuni ninayoitathmini imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni malalamiko, jina lake nitaliacha. Bidhaa zake sizigusi, kwani zinauzika hadi magulioni Urambo na Sikonge bila msaada wangu. Ninachopima ni namna inavyowahudumia wenye mali, hasa sisi wenye hisa chache tuishio mbali na makao yake makuu, ambao wengi wetu ni watumishi wastaafu na wakulima wa tumbaku walionunua hisa zilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza.

Nianze na taarifa ya mwaka, kwa sababu ndiyo huduma kubwa anayopewa mwanahisa na ndiyo isiyosomwa. Kwa sura yake, inastahili sifa. Mwenyekiti wa bodi si mtendaji mkuu, wakurugenzi huru, yaani wasiofungamana na kampuni wala mwanahisa mkuu, wanafikia theluthi moja kama unavyotaka mwongozo wa utawala bora uliotolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana mwaka 2002, na liko jedwali linaloonyesha nani alihudhuria vikao na nani hakuhudhuria. Kasoro inajitokeza kurasa za nyuma, katika maelezo ya hesabu yanayohusu miamala kati ya kampuni na wale wenye uhusiano nayo. Humo tunaarifiwa kwamba kampuni mama, ambayo ndiyo mwanahisa mkuu, imelipwa ada ya huduma za kiufundi na ya matumizi ya nembo, na kwamba bei ilikuwa “ya kawaida ya soko”. Kiasi kimeandikwa, na deni lililobaki limeandikwa, kwa hiyo kiwango namba 24 cha kimataifa cha uhasibu, kinachotaka miamala ya aina hii itajwe, sioni kilipokiukwa. Lakini nani aliilinganisha bei hiyo na nyingine, na lini, hatuambiwi, na ripoti ya kamati ya ukaguzi, ambayo ingepaswa kulijibu hilo, haijazi hata nusu ukurasa.

Msomaji asidhani huku ni kuchokonoa mambo madogo. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa, hugawanywa kwa kila hisa, hivyo mwanahisa mkuu hawezi kujilipa gawio bila na mimi kupata langu. Ada, kwa upande mwingine, hutolewa kabla faida haijapatikana na humfikia yeye peke yake. Ikiwa ada hiyo ni ya haki, hakuna neno. Ikiwa imezidi, basi sehemu ya gawio letu imeondoka kupitia mlango wa pili, na mkaguzi wa nje anaweza kutia saini hesabu hizo bila kusema uongo wowote. Kazi ya mkurugenzi huru ni kusimama kwenye mlango huo.

Kuhusu kanuni za maadili, taarifa ina kurasa zenye picha nzuri na namba ya simu ya kutoa habari kwa siri. Sikuzipa alama nyingi. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa udanganyifu wa hesabu, ilikuwa na kitabu cha maadili chenye kurasa 64, kilichotolewa Julai 2000, na kufikia Desemba 2001 ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Mkutano mkuu ulifanyika kwa njia ya mtandao, jambo linalomfaa mtu wa Tabora ambaye zamani angelazimika kupanda treni hadi Dar es Salaam. Taarifa ya mkutano ilitufikia siku zisizopungua 21 kabla, kama inavyotaka Sheria ya Makampuni. Hata hivyo, fomu ya uwakilishi, ambayo mwanahisa humteua mtu wa kumpigia kura, ilitakiwa ifike kwa mkono ofisini, ikiwa halisi, saa 48 kabla ya mkutano, na sijui ni kwa nini kampuni inayoweza kutuonyesha mwenyekiti kwenye simu ishindwe kupokea karatasi kwa simu hiyohiyo. Maswali yalitumwa mapema kwa maandishi, kisha katibu akachagua ya kusoma. Langu kuhusu ada lilisomwa, likajibiwa kwa sentensi moja ya shukrani. Zaidi ya hayo, tangazo la mkutano lilikuwa kwa Kiswahili lakini hesabu zote kwa Kiingereza, yaani mwanahisa anaitwa kwa lugha anayoijua ili aidhinishe asichoweza kukisoma.

Gawio lenyewe halina lawama. Lililipwa tarehe iliyotangazwa, likiwa limekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 ambayo ni nafuu ya makampuni yaliyoorodheshwa, kwani kwa yasiyoorodheshwa ni asilimia 10. Wanaosumbuka ni warithi: hata mwenye barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi huombwa nyaraka zilezile upya kila anapoandika.

Hisa zangu siziuzi kwa sasa. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi anatakiwa kuchaguliwa upya katika mkutano ujao, nami nitajaza kura ya hapana na kuikabidhi fomu kwa basi la Dar es Salaam wiki moja kabla, ili kisingizio cha kuchelewa kisiwepo. Kura za kampuni mama zitampitisha, bila shaka, lakini nitaomba kwa maandishi idadi ya waliokataa iingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano.