Stendi ya viatu ya kitambaa, kabati jembamba la MDF au benchi la fundi: kipi kikae mlangoni?

Stendi ya viatu inayoonekana kila mahali, kuanzia maduka ya Kariakoo hadi kwa wauzaji wa mtandaoni wa Nairobi, ni ile ya mabomba membamba ya chuma, viungo vya plastiki na kifuniko cha kitambaa chenye zipu. Boksi lake ni dogo, linabebeka kwenye bodaboda, na picha iliyobandikwa juu yake inaonyesha jozi 27 zimepangwa kwenye ngazi tisa. Kwa mpangaji wa chumba kimoja ambaye huenda akahama mwakani, ina kazi yake. Kwa nyumba ya familia, tena ikae mlangoni ambako kila mtu anaigusa akipita, haifai.

Tuanze na hizo jozi 27. Hesabu ya kiwandani ni jozi tatu kwa kila ngazi yenye upana wa sentimita 60 hivi. Kiatu cha kiume namba 42 kina upana wa karibu sentimita 11, kwa hiyo jozi moja inataka 22 au 23. Jozi tatu haziingii bila kupandiana. Zinaingia mbili, na pembeni panabaki nafasi ya kandambili zilizosimamishwa kwa ubavu. Kina nacho ni kifupi: stendi nyingi zina sentimita 28 hadi 30, wakati kiatu cha namba 44 hufikia 30 au kuzidi kikipimwa kwa nje, hivyo pua inasukuma kitambaa na zipu inagoma. Wenye miguu mikubwa wahesabu jozi 18.

Kinachoiua stendi hii ni viungo. Kila bomba linaingia kwenye kikombe kidogo cha plastiki, na sakafu ikiwa na mwinuko kidogo tu, mnara mzima wa sentimita 160 unaegemea upande mmoja. Mtoto akivuta kiatu kwa nguvu, plastiki inapata ufa, ngazi inalegea, na iliyo juu yake inafuata. Ukishainunua, tenga mabomba kwa urefu kabla ya kuanza kuunga, kwa sababu ya wima na ya mlalo hutofautiana kidogo na ukiyachanganya stendi itakaa mshazari. Unga ngazi mbili za chini, ziweke sakafuni, hakikisha hazichezi, ndipo upande juu. Bomba lifike mwisho wa kikombe. Likikataa, weka kipande cha mbao juu yake ugonge taratibu, usipige plastiki kwa nyundo. Viatu vizito vya ngozi na buti vikae chini, ndala na viatu vya watoto juu. Halafu funga stendi ukutani kwa waya na parafujo moja kwenye usawa wa ngazi ya sita. Kazi hiyo ya mwisho haimo kwenye maelekezo ya boksi, nayo ndiyo inayozuia mnara kumwangukia mtoto.

Kitambaa cha ngazi kikianza kubonyea, kata vipande vya plaiwudi ya milimita 3, sentimita 58 kwa 28, uvilaze juu yake. Hapo stendi inaongezewa maisha kwa gharama ndogo.

Kifuniko kinaonekana kama faida, na kwa vumbi la kiangazi ni kweli. Lakini Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, kufunga zipu juu ya viatu vilivyotoka mguuni ni kuotesha ukungu. Ngozi hupata madoa ya kijani na meupe, na soli za povu la poliyurethani huoza polepole kwa unyevu mpaka siku moja zinameguka vipande ukiwa barabarani. Viatu vilivyovaliwa vilale nje ya kifuniko usiku mmoja. Vilivyolowa mvua vijazwe magazeti, yabadilishwe baada ya saa chache, na vikaukie kivulini. Jua la moja kwa moja hupasua ngozi. Mabomba nayo, chumvi ya bahari ikiyapata, huanza kutu pale yanapoingia kwenye viungo, mahali ambapo rangi imechubuka.

Kabati jembamba la MDF, lile la milango inayolala mbele huku viatu vikisimama ndani, lina sura nzuri kuliko yote. Kina chake huwa kati ya sentimita 17 na 24, kwa hiyo linafaa korido ya fleti ambayo hata stendi ya kawaida ingeziba njia. Ila pima kiatu kikubwa kuliko vyote nyumbani kabla ya kulipa: namba 44 na kuendelea mara nyingi haviruhusu mlango kufunga, na buti zisahau. Ni lazima lifungwe ukutani, kwa sababu ukifungua milango miwili kwa pamoja uzito wote unakuja mbele. Kwenye ukuta wa tofali za saruji, toboa kwa keekee ya milimita 8, ingiza plagi ya plastiki, kisha parafujo. Kwenye kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, tundu humomonyoka na plagi haishiki. Hapo kabati hili usilinunue.

Adui yake mwingine ni deki. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Maji yakiingia kwenye ukingo wa chini inavimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na hairudi tena. Kabla ya kuliunga, paka kingo zote za chini vanishi mara mbili, kisha liinue sentimita 2 kwa vipande vya vigae au miguu ya mpira. Nyumba inayopigwa deki kwa ndoo kila asubuhi isitegemee kabati hili litadumu.

Kwa familia, pesa yetu ingekwenda kwa fundi. Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam, au wale wa kando ya Ngong Road Nairobi, wanaweza kukutengenezea benchi la kukalia lenye rafu mbili za viatu chini yake, nalo linamaliza matatizo mawili: viatu vinapata makao, na mgeni mzee anapata pa kukaa akivua vyake. Wazo lenyewe ni la zamani hapa pwani. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza za kukalia kabla hata hujaingia ndani.

Mpe fundi vipimo, usimpe picha peke yake. Urefu sentimita 100, kina 32, kimo 45. Miguu ya mbao za inchi 2 kwa 2 inakula sentimita 10, kwa hiyo ndani zinabaki 90, yaani jozi nne za mchanganyiko kwa kila rafu. Sema wazi unataka 90 za ndani, maana fundi hupima kwa nje. Rafu ya chini iwe sentimita 8 kutoka sakafuni ili tambara la deki lipite, na kati ya rafu pabaki 15. Viatu virefu vya kike na buti havitaingia hapo. Vitafutiwe nafasi chumbani.

Rafu ziwe za fito: sita za upana wa sentimita 4, zikiachana kwa sentimita 1.6, zinajaza kina cha 32 sawasawa. Hewa inapita na mchanga unadondoka. Ukiachanisha zaidi, visigino vinanasa. Mchanga wa rafu ya juu utaangukia ya chini, basi kandambili ziende chini na viatu vya ofisini juu.

Kikalio cha ubao wa inchi moja kisiachwe bila mhimili katikati. Urefu wote huo bila nguzo utabonyea na kulia kila mtu akikaa. Kataa misumari mitupu. Viungo vitiwe gundi na parafujo za sentimita 5, kwa kuwa mbao mbichi husinyaa zikikauka na msumari hubaki ukicheza kwenye tundu. Mninga na mkongo huvumilia mchwa. Paina ni rahisi kwa bei, lakini iwe imetiwa dawa, na chini ya miguu yake ipakwe rangi ya mafuta, sehemu ambayo mafundi wengi huiruka kwa kuwa haionekani. Ukipendelea chuma, bomba za mraba za inchi moja zinatosha: zipigwe msasa baada ya kuchomelewa, zipate rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, na ncha zilizo wazi zizibwe kwa vifuniko vya plastiki, la sivyo zitaliwa kutoka ndani.

Benchi lenyewe likae nje ya njia ya mlango. Mlango wa sentimita 90 unahitaji nafasi hiyo yote kufunguka, na njia ya kupita isipungue hapo. Juu yake weka ndoano za mikoba na miavuli, za watu wazima kwenye sentimita 155, za watoto kwenye 105. Nje ya kizingiti weka zulia la usumba la kupangusia miguu, ndani la kitambaa linalofulika. Na acha nusu ya rafu ya juu tupu kila siku. Mtu akipiga hodi akakuta rafu imejaa, atavua nje kwenye ngazi, na huko viatu vinachukuliwa na mvua, mbwa au wapita njia.

Benchi likiletwa, usimalizie malipo ya fundi mlangoni hapo hapo. Liweke kwenye sakafu bapa, mtu mzima akalie ncha moja kisha nyingine, uone kama mguu wa upande wa pili unanyanyuka. Likigeuzwa, angalia kama chini ya miguu pamepakwa rangi. Pitisha kiganja juu ya fito. Kikinasa kwenye vibanzi, soksi za watoto nazo zitanasa, na randa irudi kazini kabla pesa haijatoka.