Tathmini ya choo cha mboji kilichojengwa na wanajamii wa kujitolea

Choo hiki, ambacho hugeuza kinyesi kuwa mboji (mbolea) na kilichojengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, mianzi na mbao zilizokwisha kutumika kwingine, ni kazi ninayoisifu bila kusita, hasa kwa namna wajenzi wake walivyolifikiria suala la hewa. Bomba la kutolea hewa limepakwa rangi nyeusi na kuwekwa upande wa jua, hivyo hewa iliyomo hupata joto, hupanda na kuivuta harufu kutoka chemba ya kinyesi, huku wavu wa juu ukiwazuia nzi. Mkojo hutenganishwa na kinyesi tangu kwenye kikalio. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ndio uliouokoa mradi mzima, kwa kuwa unyevu ukizidi, vijidudu vinavyoozesha kinyesi hukosa oksijeni na uvundo huanza. Maranda ya kufunikia kinyesi yapo karibu na mkono.

Chemba ni mbili: moja ikijaa hufungwa, na nyingine huanza kutumika. Hapa ndipo penye upungufu unaonisumbua, kwani tarehe ya kufunga haijaandikwa popote, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unashauri kinyesi kihifadhiwe kwa zaidi ya mwaka 1 penye joto la nyuzi 20 hadi 35 za Selsiasi, kwa sababu mayai ya minyoo ni sugu mno. Naomba kibao cha tarehe kiwekwe kabla chemba ya kwanza haijafunguliwa. Nguzo za mianzi nazo, zilizochimbiwa moja kwa moja ardhini, ziinuliwe juu ya msingi wa mawe ili zisioze wala kuliwa na mchwa upesi.