Lightroom 6 ya zamani au Lightroom Classic ya kulipia?

Aliyenunua Lightroom 6, toleo la mwaka 2015 la programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, alilipa mara moja na hadaiwi tena, ilhali Lightroom Classic hulipiwa ada mfululizo, na ada ikikoma sehemu ya kuhariri hufungwa, ingawa picha zenyewe hubaki. Kwa uwezo, Classic inashinda waziwazi, kwani yenyewe hutambua mtu au anga katika picha na husoma mafaili ghafi (RAW, picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kuchakatwa) ya kamera mpya. Toleo la 6 liliacha kusasishwa mwaka 2017, hivyo mafaili hayo hupitishwa kwanza kwenye Adobe DNG Converter, programu ya bure inayoyageuza kuwa aina ambayo toleo hilo husoma, kazi inayomchosha mpiga picha za harusi. Mwenye kamera ya zamani hana sababu ya kuharakisha. Anayepanga kununua kamera mpya aihesabu ada ya Classic pamoja na bei ya kamera.